Hatua Mia za Mwisho za Gwaride

Jumapili ya tarehe 19 Septemba 1943, mji mdogo wa Raritan katika jimbo la New Jersey ulimpokea mwanawe. Sajini John Basilone, mtoto wa fundi cherehani mwenye asili ya Kiitalia, alikuwa amerudi kutoka Pasifiki akiwa na Nishani ya Heshima, iliyo kuu kuliko nishani zote za majeshi ya Marekani. Alitunukiwa kwa namna alivyoshikilia bunduki zake za rashasha usiku mzima kule Guadalcanal mwaka mmoja nyuma. Asubuhi palikuwa na misa katika kanisa la St. Ann. Kisha likafuata gwaride, na watu wapatao 30,000 walijaa katika mji usiozoea hata sehemu ndogo ya umati huo.

Ukitaka kuuelewa ufundi wa siku ile, mwache shujaa kidogo utazame mahali gwaride lilipoishia. Liliishia kwenye viwanja vya shamba la Doris Duke, mrithi wa utajiri wa tumbaku, ambako umati ulikutana na jukwaa, hotuba, na hatifungani za vita. Lingeweza kuishia mbele ya ofisi za mji, watu wakapiga makofi na kurudi majumbani kula. Badala yake, kila aliyetembea nyuma ya matarumbeta alijikuta mwisho wa safari amesimama mahali pa kununulia. Kabla ya siku kuisha ziliuzwa hatifungani za zaidi ya dola milioni 1.3.

Nimetazama filamu nyingi za magwaride ya namna hii, zile za rangi nyeusi na nyeupe zinazotikisika, na kila mara ninachokitafuta ni hicho kipande cha mwisho cha njia. Ufundi wote umelenga hapo. Moyo hushtuka mara moja, bendera inapopita au mama wa marehemu anaposhuka garini, na mshtuko huo haudumu. Mpangaji mzuri wa gwaride alipima umbali kati ya moyo ulioshtuka na kalamu iliyokuwa ikisubiri mezani, kisha akaufupisha kadiri alivyoweza.

Bidhaa yenyewe ilikuwa rahisi kueleza, na hilo liliwasaidia sana mafundi hawa. Hatifungani ya daraja E ilianza kuuzwa tarehe 1 Mei 1941, na ya kwanza kabisa aliinunua Rais Franklin Roosevelt kutoka kwa Waziri wake wa Fedha, Henry Morgenthau. Ulilipa dola 18.75, na baada ya miaka 10 serikali ilikurudishia dola 25. Asiyekuwa na kiasi hicho alinunua stempu, za senti 10 au za senti 25, akazibandika moja moja kwenye kijitabu. Stempu 75 za senti 25 zilipotimia, alikipeleka kijitabu akapewa hati. Mtoto wa shule aliweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe, na watoto wa shule waliipiga.

Serikali ilihitaji fedha za ndege na meli, lakini ilikuwa na haja nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Viwanda vilikuwa vikilipa mishahara mizuri baada ya miaka mingi ya dhiki, huku magari mapya ya watu binafsi yakiwa hayatengenezwi tena tangu Februari 1942, na sukari, petroli na matairi vikipatikana kwa mgao. Mifuko inapojaa na rafu zikawa tupu, bei hupaa. Kila dola iliyofungwa kwenye hati kwa miaka 10 ilikuwa dola isiyokwenda sokoni kugombania nyama. Walikuwapo waliotaka raia walazimishwe kuweka akiba. Morgenthau alikataa. Aliamini kwamba mtu akinunua kwa hiari atajiona ana fungu lake katika vita, na kwa hiyo kazi ya kumshawishi ilikuwa na thamani sawa na fedha yenyewe. Aliyepewa kuiendesha idara ya mauzo hayo kuanzia mwaka 1943, Ted Gamble, alikuwa mmiliki wa majumba ya sinema kutoka Oregon. Uteuzi huo naupenda: ni mtu aliyeishi kwa kujua umati unaingia vipi, unakaa wapi, na unatokea mlango upi.

Gwaride lina sheria zake za kimaumbile, na mafundi walizijua kwa miguu na masikio kabla ya kuzijua kwa vitabu. Mwendo wa kawaida wa jeshi la Marekani ni hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimeta 76. Hiyo ni mita 91 hivi kila dakika. Mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara, amebanwa na mabega ya wenzake, anaona vizuri labda mita 30 za njia. Kwa hiyo kila kinachopita mbele yake kina sekunde 20 tu za kusema neno lake. Gari la maonyesho lisiloeleweka kwa sekunde 20 limepita bure. Ndiyo maana maandishi yalikuwa makubwa na machache. Ndiyo maana pia gari zuri lilijengwa kwa ajili ya mtu anayelitazama kutoka ubavuni, si kutoka mbele anakosimama mpiga picha, na likapewa kimo cha kutosha ili aliyeko safu ya tano, nyuma ya kofia zote, naye apate haki yake.

Halafu kuna sauti. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na hili ni tatizo kubwa kuliko linavyosikika. Askari aliye mita 100 nyuma ya ngoma kubwa hulisikia pigo likiwa limechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Katika mwendo wa hatua 120, pigo hadi pigo ni nusu sekunde. Yaani yule wa nyuma akifuata sikio lake kwa uaminifu, mguu wake utakuwa hewani wakati wa wenzake wa mbele uko chini. Safu ndefu inayofuata bendi moja huanza kuyumba katikati, na macho ya umati huliona hilo hata kama hawajui sababu. Dawa yake ni kuwa na bendi nyingi, ila nazo zikikaribiana mapigo yanagongana na njia nzima inageuka kelele. Kwa hiyo mpangaji alipima: bendi ya shule ya sekondari hapa, kisha kikosi cha wauguzi wanaotembea kimya, kisha gari la maonyesho, kisha wazee waliopigana vita vya 1918, ndipo bendi ya jeshi iingie na midomo mipya ya shaba. Kimya kile cha katikati kilikuwa na kazi. Watu hushusha pumzi, husemezana, na ndani yake mtu anaweza kusogea na kumuuliza jirani yake kama ameshanunua.

Magari yenyewe yalijengwa wakati wa uhaba, na hapo ndipo ninapowavulia kofia maseremala na washonaji ambao hakuna aliyeandika majina yao. Chuma kilitakiwa vitani, mpira ulitakiwa vitani, petroli ilipimwa. Njia iliyozoeleka katika miji midogo ilikuwa kuchukua lori la kazi, kulizungushia fremu ya mbao nyepesi, kutandaza juu yake wavu wa banda la kuku, na kuchomeka karatasi laini za rangi tundu kwa tundu mpaka wavu wote upotee. Kazi hiyo ni ya mikono mingi na jioni nyingi. Haina kipaji cha pekee ndani yake, ina uvumilivu. Mvua ya dakika kumi ingeweza kuimaliza, na walijua hivyo tangu tundu la kwanza.

Katika vitu vyote vilivyowahi kupitishwa barabarani kwa ajili ya mauzo hayo, kimoja kinanishangaza zaidi kwa jinsi kilivyoandaliwa. Ni nyambizi ndogo ya Japani iliyojulikana kama HA-19, yenye urefu wa mita 24 na watu wawili tu, mojawapo ya zile tano zilizotumwa kuingia kisirisiri Pearl Harbor usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1941. Dira yake iliharibika, ikagonga miamba mara kadhaa, mwisho ikakwama upande wa mashariki wa kisiwa cha Oahu. Mmoja wa mabaharia alikufa. Mwingine, Kazuo Sakamaki, alikamatwa ufukoni akiwa hana nguvu, akawa mfungwa wa kwanza wa Kijapani mikononi mwa Wamarekani.

Fikiria kazi waliyokabidhiwa mafundi wa karakana ya jeshi la majini kule Mare Island, California. Wana bomba la chuma jeusi. Halina uso, halina mabawa, halina bendera. Mtu wa Iowa ambaye hajawahi kuiona bahari atalitazama bomba hilo kwa sekunde 20 na kuliona kama tangi la mafuta. Walichokifanya ni kulikata ubavuni na kuweka madirisha, ili ndani paonekane: mabomba, saa za vipimo, mahali pembamba mno ambapo watu wawili walijikunja kwa saa nyingi. Ndani wakaweka sanamu mbili za binadamu. Wakalipandisha juu ya trela ndefu na kutengeneza vijia vya kupandia watazamaji. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1942 likazunguka Marekani, majimbo 41, mji kwa mji.

Angalia jinsi madirisha yale yalivyobadili kila kitu. Trela ilipita kwanza barabarani na msafara wake, ikavuta watu. Hapo ilikuwa gwaride. Kisha ikaegeshwa katikati ya mji, na aliyetaka kupanda na kuchungulia alilipa kiingilio kwa kununua hatifungani au stempu ya vita. Sekunde 20 za barabarani zikawa dakika nzima za kupanda, kuinama na kutazama uso kwa uso vita ambavyo mpaka jana vilikuwa sauti ya redioni. Foleni ya kuona na foleni ya kununua zilikuwa moja. Katika kazi yote ya kampeni hizo sijaona mahali pengine ambapo umbali kati ya jicho na mfuko ulifupishwa kwa ustadi wa namna hiyo. Nyambizi hiyo ipo hadi leo, katika makumbusho ya vita vya Pasifiki huko Fredericksburg, Texas. Mwaka 1991 Sakamaki, akiwa mzee, alifika huko na kuiona tena.

Watu wa sinema walileta ufundi wa aina nyingine. Carole Lombard alikuwa mmoja wa wa kwanza, tarehe 15 Januari 1942, mjini Indianapolis katika jimbo alikozaliwa. Alitarajiwa kuuza hatifungani za dola 500,000. Aliuza za zaidi ya dola milioni 2 katika siku moja. Aliketi ndani ya jengo la serikali ya jimbo na kuwapokea watu yeye mwenyewe, na kila mnunuzi aliondoka na stakabadhi yenye picha na sahihi ya Lombard. Stakabadhi ile ilifikiriwa vizuri sana, kwa sababu mnunuzi hakuwa na haja ya kujieleza mbele ya mkewe au jirani, aliionyesha tu. Kesho yake ndege iliyokuwa ikimrudisha California iligonga mlima karibu na Las Vegas, na watu wote 22 waliokuwamo wakafa, pamoja na mama yake.

Mwaka uliofuata, Septemba, gari moshi zima la waigizaji lilitoka Washington kuizunguka nchi: Judy Garland, Fred Astaire, James Cagney, Lucille Ball, Harpo Marx na wengine. Mpango ulikuwa uleule kila mji: mchana gwaride, usiku onyesho kubwa ambalo tiketi yake ilikuwa hatifungani. Ziara ile iliuza zaidi ya dola bilioni moja. Hata hivyo ufundi wake naona haufikii ule wa nyambizi. Judy Garland angejaza uwanja hata kama njia ingepangwa vibaya.

Ni haki kusema gwaride halikufanya kazi hiyo peke yake, wala halikuwa chanzo kikubwa cha fedha. Katika kampeni saba za mikopo ya vita na ile ya mwisho ya ushindi, kiasi kikubwa kilitoka kwa kampuni za bima na mashirika makubwa, na mamilioni ya wafanyakazi walikatwa sehemu ya mshahara kila wiki kwa ridhaa yao bila kusikia tarumbeta hata moja. Watafiti walioajiriwa na serikali, Dorwin Cartwright akiwa miongoni mwao, waliwauliza wananchi kwa nini walinunua. Jibu lililojitokeza tena na tena ni kwamba walinunua zaidi walioombwa na mtu, ana kwa ana. Mabango na redio viliwafanya watu wajue. Aliyesimama mbele yao na kuwauliza ndiye aliyewafanya watoe.

Wengine wamelisoma tokeo hilo kama hukumu dhidi ya magwaride. Mimi naona linaeleza yalikuwa na kazi gani. Katika mji wa watu wasiopenda kugongeana milango kuombana fedha, gwaride liliwatoa wote nje mchana mmoja, likawapanga bega kwa bega, likawapa sababu ya kuzungumza na wasiowajua. Wanawake wa kujitolea waliotembea kandokando ya safu wakiwa na vitabu vya stakabadhi hawakuhitaji kubisha hodi popote. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa na ngoma.

Uwezo huo wa kuwakusanya watu uliwahi kuua. Tarehe 28 Septemba 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Philadelphia iliandaa gwaride la kuuza hatifungani za mkopo wa Liberty kwenye barabara ya Broad Street. Homa ya mafua ilikuwa imeshaingia katika kambi za majini za mji huo, na madaktari walionya. Msimamizi wa afya ya mji, Wilmer Krusen, aliliacha liendelee. Watu wapatao 200,000 walisimama wamebanana, kama gwaride zuri linavyotaka wasimame. Siku tatu hazikupita bila vitanda vya hospitali kujaa, na ndani ya wiki sita waliokufa walipita 12,000. Kila kanuni niliyoisifu hapo juu ilitumika siku ile, na ilitumika barabara: njia ndefu, safu nene, kukaa karibu, kusemezana. Anayeupenda ufundi huu hana budi kuliweka gwaride la Philadelphia mbele ya macho yake wakati wote anapousifu.

Gharama nyingine waliilipa waliotembezwa. Doris Miller, aliyejulikana zaidi kama Dorie, Mmarekani mweusi kutoka Waco, Texas, alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika meli ya West Virginia. Jeshi la majini halikumfundisha kutumia bunduki ya kutungulia ndege, kwa kuwa watu wa rangi yake walipewa kazi za jikoni. Siku Pearl Harbor iliposhambuliwa aliishika na kuitumia. Magazeti ya watu weusi yalipiga kelele mpaka arudishwe nyumbani, azunguke kwenye kampeni za hatifungani kama walivyozungushwa mashujaa weupe. Alizunguka, akahutubia, akauza. Kisha akarudishwa baharini akiwa bado mtu wa jikoni, na akafa meli nyingine aliyokuwamo ilipozamishwa tarehe 24 Novemba 1943. Basilone naye hakuzoea maisha ya majukwaani. Aliomba kurudi vitani, akauawa Iwo Jima tarehe 19 Februari 1945, siku ya kwanza ya mapigano hayo.

Kisiwa hichohicho ndicho kilichotoa picha iliyobeba kampeni ya saba, ile ya kupandisha bendera aliyoipiga Joe Rosenthal. Ira Hayes, Rene Gagnon na John Bradley waliletwa nyumbani kama watatu waliosalia kati ya sita wa pichani, wakatembezwa mji hadi mji. Mwezi Mei 1945 waliipandisha bendera ileile mjini New York, katika Times Square, mbele ya sanamu ya plasta iliyotengenezwa na Felix de Weldon kwa haraka ili iiwahi kampeni. Lengo lilikuwa dola bilioni 14; zilipatikana zaidi ya bilioni 26. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016 na tena 2019, jeshi la wanamaji lilithibitisha kwamba Bradley na Gagnon hawakuwamo kwenye picha ile. Hayes, Mhindi Mwekundu wa kabila la Pima, ndiye pekee kati ya watatu hao aliyekuwamo. Aliichukia ziara ile, akanunuliwa pombe na kusifiwa na watu wasiomjua, na akafa Januari 1955 akiwa na umri wa miaka 32.

Meza pale mwisho wa njia nayo ilikuwa na mafundi wake. Hatifungani ya daraja E haikuwa kama noti; iliandikwa jina la mwenyewe na anwani yake, haikuuzika kwa mtu mwingine, na haikuweza kurudishwa serikalini kabla ya siku 60. Karani aliyeketi pale, mara nyingi mfanyakazi wa benki au mwanamke wa kujitolea, aliandika majina ya Kipolandi, ya Kiitalia, ya Kimeksiko, huku matarumbeta yakipita na foleni ikisukumana, na kosa la herufi moja lingemsumbua mwenye hati baada ya miaka 10. Mwaka 1951, hati za kwanza zilipokomaa, Bunge la Marekani liliruhusu wenye nazo waendelee kuziweka kwa miaka mingine 10 zikizaa riba. Wengi wao hawakuzipeleka benki. Waliziacha pale zilipokuwa, zikiwa na majina yao yaliyoandikwa sawasawa.